Jinsi ya Kupaka Rangi na Kukoleza Mistari ya Modeli za Plastiki: Mwongozo wa Anayeanza, Kutoka Mbeya

Siku ukipita Mafiati, simama kidogo kando ya barabara uyaangalie malori yanayoelekea Tunduma. Usiangalie lori zima, angalia mlango wa dereva tu. Pale mlango unapokutana na bodi kuna mstari mweusi unaouzunguka mlango wote. Hakuna fundi aliyeuchora. Ni upenyo ambao mwanga hauingii, na vumbi la safari na grisi vimeukoleza. Liwazie lori hilo bila mstari ule: linabaki boksi la bati.

Modeli ya plastiki ikitoka kiwandani iko hivyo hivyo. Mistari ya paneli imo, imechongwa vizuri kwenye mbawa, milango na mifuniko, lakini kina chake ni kidogo mno hata kivuli hakikai ndani yake. Kukoleza mistari ni kuirudishia kivuli chake. Nasema kivuli kwa makusudi, kwa sababu wengi wanaoanza huichukua kazi hii kama kuchora, wakaishia na ndege iliyopigiwa rula na kalamu ya wino. Piga hesabu kidogo. Kwenye modeli ya 1/144, yaani kitu halisi kilichopunguzwa mara 144, nusu milimita ni sawa na sentimita 7.2 za kitu halisi. Hakuna ndege inayotua pale Songwe ikiwa na ufa wa sentimita 7 ubavuni. Kwenye modeli ya 1/72 nusu milimita hiyo hiyo ni sentimita 3.6, bado vidole viwili vinapita. Kwa hiyo tangu mwanzo tunatafuta mstari mwembamba kadiri inavyowezekana, na rangi tulivu.

Seti ya kuanzia

Kama hujawahi kushika modeli, anza na roboti wa Gundam wa kampuni ya Bandai, kipimo cha 1/144, daraja la HG (High Grade). Bandai walitoa ya kwanza Julai 1980, baada ya katuni iliyoanza kurushwa Japani mwaka 1979, na seti zao za siku hizi zinamfaa sana mgeni: vipande vimeshatiwa rangi ndani ya plastiki yenyewe, na vinabanana bila gundi. Maana yake unaweza kuruka upakaji wa rangi nzima, ukakoleza mistari tu na kumalizia na vanishi ya mati, yaani isiyong'aa, na kazi ikapendeza. Ndege na magari ya kijeshi mara nyingi huja na plastiki ya rangi moja, kijivu au kijani, yanahitaji gundi na yanahitaji rangi. Hayo yafuate baadaye.

Kabla ya kukata chochote, soma maandishi madogo kwenye fremu, yaani ule mti wa plastiki unaoshika vipande. Utaona herufi kama PS, ABS au PE. PS ni polistirini, plastiki rafiki: inapokea rangi na inapigwa msasa vizuri. ABS ni ngumu, hutumika kwenye viungo vinavyosuguana, na hupasuka ikikutana na vimiminika vikali. PE ni ile laini inayopindika, rangi haishiki juu yake, inabanduka kama ganda la kitunguu. Vipande vya PE viache vilivyo.

Fremu hizo usizitupe. Zimetengenezwa kwa plastiki ile ile ya modeli yako, kwa hiyo ndizo uwanja wako wa majaribio. Kila rangi mpya, kila tina (kimiminika kikali cha kuzimulia rangi), kila vanishi, ianzie kwenye fremu na usubiri mpaka kesho yake.

Vifaa, na wapi pa kuvipata

Modeli zenyewe si rahisi kuzikuta madukani kwetu. Mimi huagiza mtandaoni, au kwa mtu aliyeko Dar es Salaam, mzigo ukaja kama kifurushi cha basi. Ila kumbuka jambo moja kabla hujalipa: rangi za kopo za kupuliza zina gesi na zinashika moto, kwa hiyo usafirishaji wake kwa ndege una masharti makali na wauzaji wengi hawazitumi kabisa. Agiza rangi za maji na kalamu. Za kupuliza tafuta humu humu.

Vingine karibu vyote vipo Mwanjelwa. Kikata kucha kipya na kikali kinafanya kazi ya koleo la modeli. Msasa wa maji, namba 400, 600, 800 na 1000, upo kwenye maduka wanayonunua mafundi wa bodi na rangi. Wembe au kisu chembamba cha kukatia karatasi. Brashi mbili, moja bapa ya upana wa kama milimita 6 na nyingine yenye ncha kali kama sindano. Vijiti vya pamba vya masikio. Maskingi tepu. Tapentaini, ambayo maduka mengine huiita waiti spiriti. Vijiti vya mishikaki na vibanio vya nguo vya kushikia vipande, na viazi mviringo viwili vitatu. Kiazi ukikikata upande mmoja kikakaa bapa mezani, unakichomeka vijiti vya mishikaki na kinasimama imara kuliko sponji yoyote niliyowahi kujaribu. Kwetu viazi havijawahi kuwa haba.

Kukata na kusafisha

Kila kipande kinashikwa kwenye fremu na kikonyo, kama embe kwenye tawi. Usikate kikonyo kikiwa sawa na kipande. Kata kwanza mbali kidogo, ukiacha milimita 2 au 3, kisha ukate tena karibu, halafu msasa umalizie kilichobaki. Ukikata mara moja tu, plastiki inavutwa na kuacha doa jeupe lisilotoka kwa msasa, na kwenye kipande cheusi au chekundu doa hilo linaonekana kutoka mlangoni.

Msasa unaanza na 400 kwa kikonyo peke yake, kisha 600, 800, na 1000 ukiwa umelowa maji. Nilijifunza umuhimu wa kupanda namba kwa namba kutoka kwa mzee mmoja wa gereji ya bodi na rangi. Nilimwamkia, nikamwonyesha bawa la ndege yangu lililokuwa na mikwaruzo chini ya rangi ya fedha. Alilishika kwenye jua, akaligeuza, akaniambia: "Mwanangu, rangi haifichi. Ukiona mkwaruzo leo, kesho chini ya rangi utauona mara mbili." Tangu hapo nakagua kila kipande kwenye jua la dirishani kabla ya kufungua rangi, na ninaporidhika nakikagua tena.

Ukimaliza, osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki wa zamani. Kiwandani hutumia mafuta ili plastiki iachie kwenye umbo, na mafuta hayo pamoja na ya vidole vyako hufanya rangi ikimbie. Kausha kivulini juu ya kitambaa safi. Jua kali la mchana linaweza kupinda kipande chembamba.

Wakati huu, kabla ya rangi, ndio wa kutazama mistari yenyewe. Iliyo hafifu ipitishie ncha ya sindano iliyochomekwa kwenye kalamu ya zamani, taratibu, ukiongozwa na tepu nene iliyobandikwa kando ya mstari. Pitisha mara tano kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Sindano ikiteleza nje ya mstari, jeraha hilo litajaa wino baadaye na kuonekana kama ufa.

Hewa ya kwetu

Miongozo mingi huandikwa na watu wanaofanya kazi kwenye vyumba vyenye joto moja mwaka mzima. Mbeya mjini tuko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu inaingia ndani ya rangi kuliko watu wanavyodhani.

Kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, mvua. Ukipuliza rangi au vanishi siku yenye unyevu, tina inavyoruka inapoza uso wa kipande, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa ndani ya koti. Matokeo ni ukungu mweupe kama kioo cha gari asubuhi, na haufutiki kwa kitambaa. Mara nyingi ukisubiri siku kavu ukapuliza tena koti jepesi la kung'aa, ukungu unayeyuka na kutoweka. Lakini ni bora kutoupata. Msimu wa mvua mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, siku ambayo kumekucha bila ukungu, na wingu likishaanza kukaa juu ya mlima Loleza naahirisha. Ndugu zangu wa Tukuyu, ambako mvua haijui likizo, nawashauri wategemee brashi zaidi ya kopo.

Juni na Julai tatizo ni baridi. Gesi ndani ya kopo inapungua nguvu, rangi inatoka matone matone badala ya ukungu laini. Liweke kopo kwenye beseni la maji ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10. Kipimo cha maji hayo ni kwamba mkono wako unakaa ndani bila shida. Usilipeleke kopo karibu na moto wala kwenye maji yanayochemka, linapasuka.

Na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu najua tunavyoishi. Miezi ya baridi nyumba nyingi zinaingiza jiko la mkaa ndani ili chumba kipate joto. Chumba chenye jiko la mkaa usipulize rangi, usifungue tina, usifungue tapentaini. Mvuke wake unashika moto ukiwa mbali na kopo. Jiko hilo lenyewe kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wamelala. Puliza nje au barazani, vaa barakoa, na kama unatumia laka, ile rangi ya tina, mara kwa mara tafuta barakoa yenye chujio la mvuke, maana ile ya kitambaa inazuia vumbi tu.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba kuna upepo na vumbi, na Iringa nako hivyo hivyo. Kipande kikishapulizwa kifunike na beseni kubwa lililogeuzwa, umeliinua kidogo kwa vijiti ili hewa ipite. Nyunyizia maji sakafuni kabla ya kuanza, vumbi litulie.

Kupaka rangi

Kwa brashi: tumia rangi ya akriliki ya maji, izimue kwenye kifuniko cha chupa mpaka iwe na uzito wa maziwa. Mkono wa kwanza utaonekana mbaya, una michirizi na plastiki inaonekana chini. Uache hivyo hivyo. Kishawishi cha kurudia papo hapo ndicho kinachoharibu kazi nyingi, kwa sababu rangi iliyoanza kushika inavurugwa na brashi na kuacha matuta. Subiri dakika 20 hadi 30, au zaidi kukiwa na baridi, upake mkono wa pili kwa kuvuka mwelekeo wa kwanza, kisha wa tatu. Rangi nyeupe na ya njano huhitaji mikono minne au mitano, na zinapendeza zaidi juu ya praima nyeupe, yaani rangi ya chini ya kushikia. Akriliki za wachoraji zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule zinafaa kwa sehemu ndogo, ila ni nzito na hujaza mistari, zizimue zaidi.

Kwa kopo: tikisa dakika mbili kamili. Simama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kipande. Anza kupuliza pembeni kwenye hewa tupu, pita juu ya kipande bila kusimama, malizia upande wa pili kwenye hewa tupu. Pita mara moja, subiri dakika 10 hadi 15, pita tena. Makoti matatu mepesi yanaacha mistari wazi. Koti moja zito linajaza mistari yote uliyokuwa unataka kuikoleza, na hapo hakuna wino utakaokusaidia. Makopo ya rangi ya magari yanaweza kutumika, lakini laka yake ni kali kwa polistirini tupu: ukipuliza kwa wingi inakwaruza uso wa plastiki kama umemwagiwa tindikali. Jaribu kwenye fremu, anza na praima ya plastiki, na makoti ya mwanzo yawe kama vumbi tu.

Rangi ikikauka kwa kugusa bado haijakomaa. Ipe saa 24. Ukinusa kipande na bado kinanukia rangi, hakijawa tayari kupokea kitu kingine.

Vimiminika vinavyokulana

Hapa ndipo modeli nyingi huharibika, na kosa huwa la mpangilio zaidi kuliko la mkono. Rangi za modeli ziko kwenye koo tatu. Laka, ambayo huzimuliwa kwa tina. Akriliki, ambayo huzimuliwa kwa maji au spiriti (ile ya alkoholi, si waiti spiriti). Enameli, ambayo huzimuliwa kwa tapentaini. Tina inayeyusha zote tatu, na plastiki yenyewe pia. Spiriti inang'oa akriliki. Tapentaini iko mpole: inafuta enameli, lakini laka na akriliki zilizokomaa hazisumbuki.

Kwa hiyo kali zikae chini, pole zikae juu. Laka au akriliki ndiyo rangi ya mwili, juu yake vanishi ya kung'aa, halafu enameli ndani ya mistari. Ukikosea ukifuta, unafuta enameli peke yake, na rangi ya chini inabaki kama ilivyokuwa.

Mguu wa roboti wangu wa pili ulinifundisha upande mwingine wa jambo hili. Niliona haina haja ya vanishi kwa kuwa plastiki ilikuwa na rangi yake, nikamwaga enameli moja kwa moja kwenye goti lililokwisha kubanwa na pini. Asubuhi nikakuta goti limepasuka vipande viwili, na hakuna mtu aliyeligusa. Plastiki iliyobanwa inavutana ndani kwa ndani muda wote; kimiminika cha enameli kikipenya kwenye mvutano huo, inaachia. ABS ndiyo inayoumia zaidi. Tangu siku ile nakoleza vipande vikiwa vimetenganishwa, juu ya vanishi, na kwa tone dogo. Kwenye plastiki tupu natumia kalamu au wino wa maji tu.

Kukoleza mistari

Vanishi ya kung'aa ndiyo siri ya usafi. Juu ya uso ulio laini kama kioo, kimiminika kinakimbilia kwenye mfereji na kubaki humo. Juu ya uso wa mati, ambao ukiutazama kwa karibu una vinyweleo, kinasambaa pande zote na kuacha doa. Kliya ya kopo wanayotumia mafundi wa magari inafaa, kwa makoti mepesi. Vanishi ya mbao usiitumie, ni nzito na inageuka njano. Iache ikae saa 24 nyingine. Ndiyo, tena saa 24.

Sasa chagua rangi ya kivuli. Watu wengi hununua nyeusi wakaitumia kila mahali. Kwenye kipande cheupe nyeusi inakata jicho, tumia kijivu. Kwenye nyekundu, chungwa na njano tumia kahawia. Kwenye bluu iliyokolea, kijani cha jeshi na kijivu kizito, hapo nyeusi inakaa vizuri. Angalia nyumba iliyopakwa chokaa jua likiwa juu: kivuli cha bati kwenye ukuta mweupe ni kijivu, si cheusi.

Kimiminika chenyewe una njia nne, na nitazitaja kadiri ninavyoziamini.

Cha kwanza ni wino wa enameli uliotengenezwa tayari kwa kazi hii, kama ule wa Tamiya wa chupa ya mililita 40, wenye brashi nyembamba kwenye kifuniko. Umezimuliwa sawasawa, na ndio unaotoa mstari mzuri kuliko yote. Cha pili unakitengeneza mwenyewe: rangi ya mafuta ya wachoraji ya tyubu, nyeusi na kahawia, tone dogo kwenye tapentaini mpaka iwe nyepesi kama chai ya rangi. Inachelewa kukauka, lakini unachanganya kivuli unachotaka. Cha tatu ni akriliki nyeusi na kahawia, maji, na tone moja la sabuni ya vyombo. Unapaka, unaacha ikauke, unafuta na kitambaa chenye unyevu. Hii ndiyo ninayowapa watoto, haina mvuke wa sumu na haipasui plastiki. Cha nne ni kalamu ya ncha nyembamba sana, au hata penseli ya kubonyeza ya milimita 0.3 kwenye vipande vyeupe. Penseli inatoa kijivu kizuri sana cha upole, na kosa linafutwa na raba.

Ukitumia enameli au mafuta, kazi inakwenda hivi. Tikisa chupa. Chovya ncha ya brashi, ifute ukingoni ibaki na kidogo. Usiivute brashi juu ya mstari. Gusa tu mahali mistari miwili inapokutana, kisha inua mkono utazame. Kimiminika kitajivuta chenyewe kufuata mfereji, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa kibatari. Kikisimama, gusa tena pale kilipoishia. Mara ya kwanza ukiona wino unakimbia wenyewe kuzunguka mlango mzima wa roboti utapata furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Utaacha madoa kwenye kila sehemu uliyogusa. Yaache. Subiri dakika 15 hadi 30, wino ushike lakini usiwe mgumu. Lowesha kijiti cha pamba kwa tapentaini, kisha kikamue kwenye karatasi ya chooni mpaka kiwe na unyevu tu. Futa kwa kuukata mstari, yaani kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukifuta kwa kuufuata mstari, nyuzi za pamba zinaingia mferejini na kuutoa wino wote. Geuza kijiti kila baada ya kufuta mara mbili. Kilichochafuka kinapaka badala ya kufuta.

Mpwa wangu alipoona hatua hii mara ya kwanza alishika mkono wangu. "Mjomba, mbona unafuta kazi yote?" Nikampa kile kipande akisogeze dirishani. Uso ulikuwa mweupe safi, na ndani ya mfereji umebaki uzi wa kijivu mwembamba kuliko unywele wake. Alikaa kimya, akachukua kijiti chake.

Ndege ina utaratibu wake kidogo. Futa kutoka pua kwenda mkia, mwelekeo wa upepo. Michirizi hafifu itakayobaki nyuma ya mistari inafanana na mafuta na vumbi vinavyoburutwa na hewa. Na usikoleze kila mstari kwa nguvu moja. Mistari ya mabawa ya nyuma na usukani, sehemu zinazocheza kweli, inastahili kivuli kizito. Maungio ya mabati yaliyopigwa ribiti yanastahili hafifu, unaweza kuyafuta mpaka yakakaribia kupotea. Rudi kwenye lori letu: mstari wa mlango ni mweusi, lakini mstari wa bati na bati kwenye bodi ni kijivu tu. Kukoleza vyote sawa ndiko kunakofanya modeli ionekane kama daftari la hesabu.

Ukikuta wino haukimbii, sababu ni moja kati ya tatu: vanishi haikung'aa vya kutosha, mfereji umejaa rangi, au wino ni mzito. Ongeza tone la tapentaini kwanza. Mfereji uliojaa upitishie sindano kwa upole, kisha ujaribu tena.

Stika na koti la mwisho

Stika za maji zibandike juu ya vanishi ya kung'aa, vinginevyo hewa inabaki chini yake na kung'aa kama magamba ya samaki. Loweka kwenye maji ya vuguvugu sekunde 20 hadi 30, subiri itelezeke yenyewe kwenye karatasi, isogeze mahali pake kwa brashi, kamua maji na kijiti cha pamba ukitokea katikati. Zikikauka, koti jepesi la kliya juu yake. Mimi hubandika stika kabla ya kukoleza, ili mstari upite juu ya stika kama unavyopita kwenye maandishi ya ubavuni mwa basi.

Mwisho ni vanishi ya mati. Inaondoa mng'aro wa plastiki na kuunganisha rangi, stika na mistari vionekane ni kitu kimoja. Kama ni ya kopo na ni laka, makoti mawili ya kwanza yawe mbali na mepesi kabisa, yasije yakayeyusha enameli iliyo chini. Ukikosa ya kopo, ya maji ya kupaka kwa brashi bapa inatosha. Chagua siku kavu kuliko zote kwa kazi hii, maana ukungu kwenye koti la mwisho unaumiza zaidi. Vioo vya ndege na macho ya roboti yanayopitisha mwanga usivipulizie mati, vifunike na tepu au vipachike mwishoni kabisa. Na vioo hivyo visibandikwe na supaglu, mvuke wake unavitia ukungu. Gundi nyeupe ya mbao inashika vya kutosha na ikikauka haionekani.

Acha usiku mmoja kabla ya kuunganisha viungo, kisha viunganishe polepole. Goti likibana sana usilisukume. Litoe, likwangue rangi iliyoingia kwenye tundu la pini kwa ncha ya wembe, ujaribu tena. Brashi zioshe siku hiyo hiyo, ya enameli kwa tapentaini halafu sabuni, uirudishie ncha yake kwa vidole na uilaze. Modeli iweke mbali na dirisha la jua la mchana, nyeupe hugeuka njano, na vumbi la Septemba litoe kwa brashi kavu laini ya vipodozi, ukianzia juu.